Sanamu Bila Maziara: Mjadala wa Kipalapala

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni mahali palipozoea kupima maneno kabla ya kuyatoa, kwa sababu seminari kuu iliyopo hapo tangu mwaka 1925 imewafunza vijana wa makabila mengi falsafa na elimu ya dini, miongoni mwao Kadinali Polycarp Pengo, na kiwanda chake cha uchapaji, kilichojulikana kwa jina la T.M.P. Book Department, kilitoa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa kutoka Kigoma hata pwani. Kwa hiyo nimeona vema kuuweka hapo mjadala huu, chini ya miembe, katika nchi ile ile ya Unyanyembe ambako misafara ya pembe na nguo ilipumzika kabla ya kushika njia ya Ujiji au kurudi Bagamoyo. Wasemaji ni wa kubuni, wala sikuwapa majina. Lakini watu wanaowataja, miaka wanayoitoa na mambo wanayoyasimulia ni ya kweli.

Hoja yenyewe ni hii. Tarehe 18 Februari 2024, mbele ya makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, ilifunuliwa sanamu ya marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, kwa kuwa alikuwa mmoja wa waasisi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotangulia umoja huo, na mlezi wa harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Je, yafaa Tabora nayo, mji alikosomea na alikofundisha, imsimamishie sanamu, na kando yake ijenge maziara ya kuzuriwa na Waafrika wote?

MWALIMU MSTAAFU, aliyeleta hoja, alisimama kwanza:

Ndugu zangu, mji usiojua waliopita ndani yake hauna haki ya kulalamika ukisahauliwa. Mwaka 1937 mtoto wa Butiama aliingia shule ya serikali ya Tabora, akakaa hapo hata alipoondoka kwenda Makerere mwaka 1943. Naye aliporudi mwaka 1946, angali na miaka 24, hakwenda kutafuta cheo katika ofisi ya serikali, bali alikuja kushika chaki katika Shule ya Mtakatifu Maria, papa hapa Tabora, akafundisha hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Tena Januari 1958, wakati chama chake cha TANU kilipokuwa karibu kupasuka vipande viwili kwa sababu ya kura tatu, Mwingereza akitaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake ni bure, mkutano uliookoa chama haukufanyika Dar es Salaam wala Moshi, bali Tabora. Tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini wakapata kwetu kambi, shule na makaburi. Mbegu ya yote hayo ilimea hapa. Basi nasema isimame sanamu, na pajengwe mahali patulivu pa kuzuru, ili mgeni atokaye Accra au Harare ajue kuwa alipofika ni mahali penye hadhi.

SHEIKH alijibu kwa upole:

Mwalimu wangu, nakuheshimu, nawe unajua kuwa wazee wetu wa Kiislamu wa Tabora hawakuwa nyuma katika siku za TANU. Lakini hoja yako ina mambo mawili, nami nitayatenga. Ama sanamu, dini yangu haina shaka nayo: Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alipoingia Makka aliyaondoa masanamu yaliyoizunguka Al-Kaaba, na mimi siwezi kuisaidia kazi hiyo kwa mkono wala kwa mali. Hata hivyo nchi hii si yangu peke yangu, na uraia wangu haunipi haki ya kumzuia jirani yangu asimkumbuke mzee kwa njia anayoijua. Ama maziara, hapo ndipo penye ikhtilafu hata baina yetu sisi wenyewe. Huko pwani wako wanaozuru makaburi ya masharifu na kusoma hawli kila mwaka, na wako wanaokataza jambo hilo kwa ukali. Lakini hata wale wanaoruhusu, huzuru palipo na maiti. Mwalimu alizikwa Butiama Oktoba 1999, na kaburi lake liko huko Mwitongo, karibu na nyumba yake, kila mtu aweza kwenda kuliona. Sasa mgeni wako wa Accra atakapofika Tabora, atamzuru nani? Maziara yasiyo na aliyelala ndani yake ni ghururi, tena ghururi ya kuwatoza watu nauli.

Watu walicheka, na mwenye hoja mwenyewe akacheka nao. Ndipo PADRI, mlezi katika seminari, alipoomba nafasi:

Sheikh amenitangulia, nami natoka mlango mwingine na kufika uani kule kule. Mwaka 2005 jimbo la Musoma lilifungua rasmi uchunguzi wa maisha ya Mwalimu, ili ionekane kama anafaa kutangazwa mtakatifu, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu. Na kila tarehe 1 Juni, mahujaji wa Tanzania na Uganda hukutana Namugongo kumwomba Mungu kwa ajili ya shauri hilo. Wengi hudhani kuwa kwa kumjengea mahali pa ibada tutaliharakisha jambo. Hasha! Tutaliharibu. Tangu amri za Papa Urbano wa Nane, zilizotiwa nguvu mwaka 1634, Kanisa limekataza mtu yeyote kupewa ibada ya hadhara kabla halijatoa hukumu yake. Na hukumu hiyo haitolewi mpaka ithibitishwe kuwa amri hiyo haikuvunjwa. Wachunguzi hulikagua kaburi, huingia chumba alicholala na nyumba aliyofia, wakatazama kama pana altare imejengwa, kama watu wamewasha mishumaa mbele ya picha yake, kama mchoraji amemzungushia kichwa duara la nuru. Mtu aweza kumwomba kimya moyoni mwake, hilo halimhusu mwingine. Lakini mkijenga hapa jengo lenye picha na mishumaa mkaliita mahali pa hija, mtakuwa mmetia ushahidi dhidi ya mzee yule yule mnayemtukuza. Anayempenda Mwalimu kwa imani ya Kikatoliki ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kulikataa jengo hilo.

MWALIMU MSTAAFU: Baba Padri, mimi sikusema altare. Nilisema mahali patulivu.

PADRI: Nalijua hilo, Mwalimu. Lakini mishumaa haingoji amri ya mtu. Jenga kibanda chenye paa na picha ndani yake, kisha uje mwezi wa pili uhesabu.

Hapo ilifika zamu ya FUNDI, mchongaji, ambaye mikono yake ilikuwa bado na vumbi jekundu la mninga:

Wazee wangu, nyote mmenena kana kwamba sanamu ni kitu kimoja. Mimi nimezoea mninga na mpingo, ambapo tezo na patasi huondoa, wala haviongezi: ukikosea pua, umekosea. Shaba ya masanamu makubwa ina njia yake. Fundi hufinyanga mtu mzima kwa udongo, akachukua ukungu wake, akaupaka ndani nta nyembamba, kisha akaifunika nta hiyo kwa udongo mgumu na kuitia motoni. Nta ikayeyuka na kutoka yote, na pale ilipokuwa nta ndipo humiminwa shaba iliyochanganywa na bati. Sisi wa Tabora, ambao nta yetu ya nyuki ilisafirishwa nje tangu zama za Wajerumani, hatuna sababu ya kuiogopa kazi hiyo. Shida yangu ni sura. Ile ya Addis Ababa ilipofunuliwa, watu wengi walisema haikufanana naye, na maneno hayo yalisemwa Dar es Salaam kwa masihara na kwa uchungu pia. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alikuwa na Nyerere wake kichwani: huyu wa noti ya shilingi elfu moja, yule wa kifimbo na nywele nyeupe. Nikipewa kazi hii ya Tabora, sitamchonga mzee. Nitamchonga kijana mwembamba mwenye chaki, au yule mtu wa miaka 35 aliyesimama mbele ya wajumbe mwaka 1958. Huyo ndiye aliyekuwa hapa.

Neno la fundi lilimtoa kitini MZEE WA ITETEMIA, wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe:

Mwanangu, umenena vema. Na wale wanaosema kuwa kuchonga sura ya mtawala ni uzushi wa Wazungu, nawakumbusha kuwa katika jumba la makumbusho la Berlin kipo kiti cha enzi cha mbao kilichotoka Buruku, kazi ya Wanyamwezi, chenye sura ya mtu iliyochongwa mgongoni mwake. Sanaa hiyo ni yetu, ila imelala ugenini. Na babu zetu waliwajengea wazee wao waliokufa vijumba vidogo vya miti na nyasi uani, wakawapelekea pombe na unga. Kwa hiyo hata maziara hatukufundishwa na mtu. Lakini tulimjengea aliye wetu. Mtemi Isike, alipoona ngome yake inaingiwa na jeshi la Mjerumani Tom von Prince mwezi Januari 1893, aliiwasha baruti akajilipua kuliko kukamatwa. Mirambo wa Urambo aliufungia njia msafara uliotaka kupita kwa kiburi, hata Waarabu wa Tabora wakamwogopa. Huko Kwihara tembe alilokaa msafiri Livingstone mwaka 1872 limetunzwa kwa heshima. Na Mwalimu mnayemtaka, serikali yake ndiyo iliyoondoa madaraka ya watemi mwaka 1963, na mwaka huo huo Abdallah Said Fundikira, mtemi wetu, akajiuzulu uwaziri. Simchukii; nilimlilia kama wengine alipokufa. Lakini msiniambie kuwa mahali hapa pana mzee mmoja tu.

MAMA, aliyekuwa akiuza asali katika soko la Tabora, na aliyesubiri kwa staha mpaka wanaume wamalize, alisema:

Babu amemtaja Livingstone, nami nitamalizia alipoachia. Alipokufa mwaka 1873, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walikausha maiti yake, wakaibeba kwa miguu hata ikafika Unyanyembe, wakashauriwa waizike hapa, wakakataa, wakaenda nayo mpaka Bagamoyo. Jiwe la kaburi lake katika kanisa la Westminster, mjini London, linawasifu waliomleta, lakini majina yao halikuyaandika. Ndivyo masanamu yanavyofanya kazi: mmoja husimama, wabebaji hupotea. Basi niulize: mtakapomsimamisha Mwalimu, wako wapi wanawake waliochanga senti zao kumsafirisha? Yuko wapi Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa TANU tangu mwaka 1955, akawavuta kwa maelfu kabla wanaume hawajamwamini kijana yule? Na mkimwandika Bibi Titi, mtaandika pia kuwa alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaja kusamehewa mwaka 1972 na rais yule yule? Kama hamwezi kuandika yote mawili, afadhali msiandike kitu.

KIJANA, mwanafunzi wa chuo, alisema kwa haraka zaidi kuliko wenzake:

Shikamooni wazee. Mimi nimezaliwa Mwalimu amekwisha kufa, na jina lake nimelikuta kila mahali: uwanja wa ndege, hifadhi ya wanyama, bwawa la umeme la Rufiji, barabara, noti mfukoni. Hatukosi kumkumbuka, tunakosa kumjadili. Shuleni tulikaririshwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, hatukuulizwa kwa nini wanavijiji walihamishwa kwa nguvu miaka ya sabini. Hatukuambiwa kuwa Oktoba 1966 aliwafukuza chuo kikuu wanafunzi zaidi ya 300 waliopinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wala kuwa siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Mambo hayo mawili yakisimuliwa pamoja, ninamwona mtu. Likisimuliwa moja tu, ninaona ama malaika ama dhalimu, na wote wawili hawanifundishi kitu.

MWALIMU MSTAAFU: Mwanangu, ukiandika makosa yake juu ya jiwe, si utakuwa umemtukana marehemu?

KIJANA: Babu, nani aliyetukanwa zaidi: Nkrumah wa Ghana, ambaye sanamu yake iliangushwa Accra siku ya mapinduzi, tarehe 24 Februari 1966, au yule ambaye hakuna anayethubutu kumsema?

SHEIKH: Na sanamu hiyo ya Nkrumah iliishia wapi?

KIJANA: Ipo hadi leo, Sheikh, katika bustani ya kumbukumbu yake iliyofunguliwa mwaka 1992. Imevunjika, na kichwa kimewekwa mbali na kiwiliwili. Karibu yake amesimamishwa Nkrumah mwingine mzima. Mgeni anaona siku ya kuinuliwa kwake na siku ya kuangushwa kwake kwa mara moja.

FUNDI: Hata Dar es Salaam tunajua masanamu hayana mizizi. Wajerumani walimsimamisha gavana wao Wissmann pale mjini, Waingereza wakamng'oa, na mwaka 1927 wakamweka askari wa shaba anayeuelekeza mtutu wake bandarini. Huyo Wissmann alipelekwa Hamburg, akasimamishwa tena, mpaka wanafunzi wa Kijerumani walipomvuta kwa kamba miaka ya sitini. Shaba hudumu, lakini sababu yake hufa kabla yake.

MZEE WA ITETEMIA: Basi, fundi, tuweke sababu isiyokufa.

Hapo wasemaji walinyamaza wakanitazama mimi niliyewaita, nami nikajua kuwa mwandishi anayewapa watu maneno hana budi kutoa hukumu yake bayana, asije akaonekana amekaa juu ya ua akitazama pande zote mbili.

Kwanza, naona kuwa Sheikh na Padri, ambao vitabu vyao havikubaliani juu ya mambo makubwa kuliko haya, wameafikiana juu ya maziara kwa sababu mbalimbali: mmoja kwa kuwa hakuna maiti, mwingine kwa kuwa Kanisa bado halijahukumu. Mzee wa Itetemia naye anaikubali ibada ya wazee, ila anadai iwe ya uani, kwa mwenye ukoo wake. Palipo na ijmai ya watu watatu waliotoka njia tatu, mwenye busara husimama. Lakini iko sababu ya nne, nayo ndiyo yangu: mahali pa hija ni mahali ambapo mtu haruhusiwi kubisha. Anayezuru huinamisha kichwa, huomba, huondoka. Akiinua sauti kupinga, amefanya utovu wa adabu. Na Tabora haiwezi kumheshimu Mwalimu kwa kumfanya asiyepingika, kwa sababu kilichofanyika hapa mwaka 1958 ni kinyume chake kabisa.

Tukumbuke jinsi ilivyokuwa. Wajumbe wengi walioingia katika mkutano ule walikuwa wameamua kuususia uchaguzi wa kura tatu, nao walikuwa na hoja nzito: kwamba kumlazimisha Mwafrika ampigie kura Mzungu na Mwasia ili kura yake ihesabiwe ni kuziweka jamii za watu wachache juu ya taifa zima. Mwalimu alitaka chama kiingie katika uchaguzi, kwa hesabu kwamba hao Wazungu na Waasia watakaochaguliwa kwa kura za Waafrika watakuwa watu wa TANU. Hakuwa na polisi, hakuwa na gereza, hakuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini. Alikuwa na maneno tu, na saa kadhaa za kuyasema. Akashinda kwa kushawishi. Zuberi Mtemvu hakushawishika, akatoka, akaunda chama chake cha African National Congress, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere, akapata kura chache sana. Mtemvu alishindwa, lakini bila ya upinzani wake na wa wengine uliokuwa mle ukumbini, ushindi wa Mwalimu ungekuwa amri tu, na amri hazihitaji sanamu.

Kwa hiyo nasema: Dar es Salaam ilimjua Nyerere akiwa na dola mkononi, na Butiama inamjua kwa kuzaliwa na kwa kuzikwa, Tabora peke yake ndiyo iliyomjua akiwa hana kitu ila hoja. Huyo ndiye tulio na haki ya kumsimamisha. Asimame kijana, si mzee. Kwa kimo chake cha kweli, miguu yake juu ya ardhi ile ile tunayoikanyaga, pasipo jukwaa la kumwinua wala paa la kumfunika, ili pasiwe na mahali pa kuwasha mshumaa. Ukutani yaandikwe majina ya waliomuunga mkono na ya waliompinga, wanaume na wanawake, Mtemvu akiwemo, na chini yake kwa maneno machache yaandikwe yaliyofuata baadaye: kamati ya ukombozi, kufungwa na kusamehewa kwa Bibi Titi, Fundikira alivyojiuzulu, wanafunzi waliofukuzwa na mshahara uliopunguzwa. Na mbele ya sanamu viwekwe viti vya kawaida vya kukalia, si ngazi za kupigia magoti.

Mwenye hoja aliniuliza kama kwa masharti hayo bado tutakuwa tumemheshimu mzee. Nikamjibu kuwa mtu aliyezoea kushinda kwa hoja akiwa kijana, tena aliyesahau desturi hiyo mara kadhaa alipokuwa mtawala, hapewi heshima kubwa kuliko kurudishwa mbele ya watu wanaoruhusiwa kumbishia. Mwalimu mstaafu aliikubali sanamu na kuyaacha maziara. Mzee wa Itetemia akaongeza sharti lake, kwamba kabla ya shaba ya mwana wa Butiama kumiminwa, Tabora imwandikie serikali rasmi kuuliza kiti cha Buruku kitarudi lini. Sharti hilo lilipita bila kupingwa, nalo ndilo pekee siku hiyo lililopita hivyo.